Shoga, Julai usije, njoo Machi

Shoga yangu,

Hujambo lakini? Mie mzima, baridi tu ndo inaniandama, hapa Bodø, kaskazini mwa Norwei, tangu juzi upepo unavuma mpaka mabati ya jirani yanalia. Voisi yako ya dakika tisa nimeisikiliza mara mbili (si bora ungeniandikia kama mie) na nilichoelewa ni kwamba likizo umepata, hela ya tiketi ipo, na kuna mtu kakwambia visiwa vya Lofoten watu wanaenda Julai kuona jua lisilozama. Sasa nisikilize mie niliyekaa huku miaka sita. Julai usije, njoo Machi.

Hilo jua ni kweli lipo, toka mwisho wa Mei mpaka katikati ya Julai halizami kabisa, saa sita usiku unachambua mchele nje bila taa. Siku ya kwanza unashangaa, ya pili unapiga picha, ya tatu unatafuta pazia zito ulale. Na habari ya Maghrib ndo usiseme, jua liko pale linakukodolea macho, wengine wanafuata saa za Makka wengine za mji ambao jua linazama, na kila mtu ana hoja zake. Halafu barabara kuu ya visiwa vyote ni moja, E10, nyembamba, Julai imejaa magari yenye vitanda ndani yanatambaa kama foleni ya Ubungo, na kubwa kuliko yote samaki wanaoanikwa huko keshaanuliwa. Vichanja vimebaki miti mitupu, mgeni anapiga picha miti anarudi kwao kafurahi.

Wewe mtoto wa Pangani, ng'onda umeanika kwa mikono yako, miti mitupu ya nini?

Ni hivi. Kila mwaka toka Januari hivi samaki wao anaitwa skrei anashuka toka bahari ya Barents, huko juu kabisa, anakuja kutaga mayai Lofoten (kamusi itakwambia chewa, lakini sio chewa wetu wa miambani, huyu ni mwingine kabisa). Wavuvi wanajaa, wanamkata kichwa, wanamtoa utumbo, halafu wanafunga wawili wawili mikia na kuwaning'iniza kwenye vichanja virefu kuliko nyumba. Na chumvi hawatii! Hata punje. Mie nilibisha, nikasema huyu ataoza tu, mzee mmoja pale akanicheka akanielezea: huku mwezi wa pili na wa tatu joto linazungukazunguka kwenye sifuri, mkondo wa bahari wa joto ndo unazuia baridi isizidi. Ingekuwa baridi kali barafu ingepasua nyama, lingekuwa joto wangekuja nzi na mabuu. Basi anakaa hapo na upepo na mvua na theluji mpaka Mei au Juni, akishuka uzito umebaki kama moja ya tano. Ukigonga wawili wanalia kama kuni. Kwetu jua linafanya kazi hiyo siku chache, huku ni upepo, miezi mitatu.

Na vumba lake sio lile la kwetu sokoni, ni jepesi, lina kama harufu ya majivu ya baridi, sijui nikueleze vipi, utanusa mwenyewe.

Pa kuanzia Henningsvær. Ni kijiji juu ya visiwa vidogo, kwenye mwamba wa mwisho kuna uwanja wa mpira, nyasi za kijani katikati ya mawe na bahari pande zote, utakuwa umeshauona kwenye picha za droni. Picha haikwambii kwamba kandokando ya uwanja ni vichanja vya samaki, yaani shuti likipaa mpira unaenda kwenye samaki.

Halafu omba uone watoto wanaokata ndimi. Kazi ya kukata ulimi wa samaki kule ni ya watoto, toka zamani, na hela ni yao. Nilimwona binti wa miaka kumi hivi, aproni ya plastiki imefika kwenye mabuti, mbele yake kuna ubao una msumari mrefu umesimama, anachukua kichwa anakikita kwenye msumari, kisu mara moja, ulimi kwenye ndoo, kichwa kingine. Hata sikumaliza kupandisha pumzi kashakata vitatu. Vichwa navyo havitupwi, vinaanikwa kivyake, vingi vinaenda Naijeria kwenye supu. Samaki mwenyewe mzuri mzuri anaenda Italia, na mapenzi hayo ni ya zamani, mwaka 1432 baharia mmoja wa Venisi, huko Italia, jina lake Querini, meli yake imeharibika baharini, mawimbi yakamtupa kisiwa cha Røst, hukohuko Lofoten, wavuvi wakamlisha huyuhuyu samaki, akarudi nao kwao.

Reine nayo pita, milima imesimama wima toka majini na nyumba nyekundu za wavuvi ziko juu ya nguzo, ndo kadi ya posta ya Norwei hiyo. Ule mlima Reinebringen wenye ngazi za mawe zilizojengwa na Washerpa, watu wa milimani wa Nepal, usijaribu Machi, ni barafu na theluji inaporomoka, utazame toka chini inatosha. Barabara inaishia kijiji kinaitwa Å. Herufi moja tu, tena ya mwisho kwenye alfabeti yao, kibao chake watalii wanakiiba. Kuna jumba la makumbusho ya samaki mkavu pale, ukilikuta wazi ingia.

Mchana na usiku Machi vinakaribia kulingana kama nyumbani, kwa hiyo mchana unaona milima na usiku, mawingu yakikaa pembeni, unaona zile taa za kijani (aurora wanaziita) zinacheza angani. Nikuambie ukweli simu inazionyesha kijani zaidi kuliko macho, mwanzo utadhani ni wingu tu, subiri lianze kutikisika.

Kubaya ni feri. Toka Bodø mpaka Moskenes, bandari ya huko Lofoten, ni zaidi ya saa tatu, na bahari ile bwana, mie mtoto wa bandari nilitapika mpaka nikatubu dhambi za utotoni, na upepo ukizidi wanaahirisha safari kabisa, kwa hiyo siku za ziada uwe nazo. Nguo za ndani za sufu nitakuazima, na vile vyuma vya kuvalisha chini ya kiatu. Viza anza sasa hivi, sio Januari.

Mwaka wa kwanza nilinunua samaki mkavu mmoja, nikamloweka saa moja kama ng'onda nikamtia kwenye tui. Nilitafuna gome la mti! Kumbe analowekwa siku tano sita, maji unabadilisha kila siku. Sasa nimejua, na chumvi unatia mwenyewe. Stoo yupo mmoja kaning'inia anakungoja, wewe niletee bizari ya pilau na doti mbili za kanga, nyeusi usilete.

Mie shoga yako, Bodø