Nawafundisha wanafunzi wasiogope, mbona mimi silali?

Shangazi, shikamoo.

Adhana ya alfajiri imenikuta macho tena. Usidhani ni mambo ya mume au ya pesa. Ni yale maneno ya ofisini. Wewe wavijua vyumba vya walimu vilivyo: mmoja akirusha neno, wote wanacheka, nawe unabaki umeshika kikombe cha chai hujui uangalie wapi.

"Mwalimu wa Wayunani amewatoa watoto haya." Ndivyo alivyosema mwalimu mwenzangu, mbele ya watu wote.

Wanafunzi wangu wa mwaka wa mwisho ni lazima wasimame mbele ya jopo waeleze miradi yao. Kila mwaka ni yale yale: mwenye kazi nzuri anakauka koo, mwengine anaugua ghafla, mwengine haonekani kabisa. Wenzangu dawa yao ni "jikaze!" basi. Mimi nikawaletea Wastoiko, wale wanafalsafa wa kale walioanzia Athene, na zaidi Epictetus, aliyezaliwa mtumwa kisha akaja kuwa na shule yake Nicopolis, huko huko Uyunani. Jambo hili hili alilizungumza! Alisema mpiga kinubi akiimba peke yake hana wasiwasi, ila akiingia ukumbini hutetemeka hata kama sauti anayo, kwa kuwa hataki kuimba vizuri tu, ataka na makofi. Na makofi hayamo mikononi mwake.

Basi kila mmoja akagawa karatasi. Upande huu yaliyo yangu: matayarisho, mazoezi, kupaza sauti. Upande ule yasiyo yangu: sura ya mtahini, kicheko cha wenzangu, alama. Tukafanyia mazoezi na mabaya yenyewe. Nazima projekta katikati, stima imepotea, haya endelea! Wengine niliwaweka nyuma wapige miayo. Na kutetemeka nikawaambia si kosa. Aulus Gellius, mwandishi wa Kirumi, ameandika habari za Mstoiko aliyekuwa chomboni dhoruba ikapiga, akabadilika rangi kama abiria wengine. Alipoulizwa, akaeleza kwamba mwili hushtuka kabla akili haijaamua. Kazi ya mtu ni kutoukubalia ule mshtuko. Wanaovuka feri kila siku kutoka Likoni hawakuhitaji maelezo zaidi.

Sasa kuna binti mmoja katika wanafunzi wangu, mpole, hata darasani sauti yake huisikii. Alisimama miguu ikicheza. Yule mwenzangu, alikuwa kwenye jopo, akamuuliza, "Mbona watetemeka, waogopa kufeli?" Akajibu, "Ni mwili tu, mwalimu. Alama ni zenu, kazi ni yangu." Akaendelea mpaka mwisho.

Hapo tusi liko wapi, Shangazi? Hakupandisha sauti. Hakumkosea mtu. Mwengine eti akauliza kama hayo si mambo ya kikafiri. Wastoiko wametajwa hata kwenye Matendo ya Mitume, wakijadiliana na Paulo! Sikumjibu, nakwambia wewe.

Yule wa jopo aseme atakalo, maneno yake hayanihusu. Kinachoniuma ni kwamba tumekula viazi karai sahani moja miaka yote hii, angeniita kando. Na wale waliocheka, wawili wao ni mimi niliyewasaidia kusahihisha mitihani. Hayanihusu, lakini usiku nageuka huku nasikia kile kicheko.

Juu ya hayo mkuu wa chuo amependezwa. Ataka Alhamisi niwaeleze walimu wote hiyo njia yangu, naye atakuwa amekaa mbele. Mimi na wanafunzi sina tatizo, ila kusimama mbele ya wale! Tumbo limeanza tangu aliponiambia. Nimeandika ujumbe wa kukataa, uko kwenye simu, sijautuma. Nikikataa, wanafunzi watasikia, na hapa hakuna siri. Nikienda sauti ikakatika, atapata la kusema mwaka mzima. Karatasi yangu nimeigawa kama niliyowafundisha wao, kisha nikaichana.

Niutume ule ujumbe au nisiutume? Nijibu kabla ya Alhamisi ukiweza. Ila usiniambie nikae naye tuyamalize chemba. Alisema mbele ya watu, aombe radhi mbele ya watu. Au basi, asiombe kitu, mradi siku hiyo asicheke.

Mwalimu, Kisauni