Kihisi joto ndani ya pipa la mamkubwa

Soweto, Moshi
15 Februari 2026

Mangi wangu,

Habari za Kigamboni? Sisi huku wazima, ila Februari hii joto limetuandama, na hata mlima wenyewe unachungulia alfajiri tu, ikifika saa nne umeshajificha. Ujumbe wako wa sauti niliupata. Unauliza ununue kifaa gani kwanza ili na wewe uingie kwenye huu ugonjwa wangu, na umenitajia droni, printa ya 3D na Raspberry Pi 5. Umeuliza pia inakuwaje mtu mzima mwenye watoto anakesha na nyaya mezani. Hilo la pili muulize shemeji yako, ana majibu ya kutosha. La kwanza nakujibu kwa maandishi, maana kwenye simu huwa hunipi nafasi ya kumaliza.

Droni achana nayo. Kuna habari za vibali vya Mamlaka ya Usafiri wa Anga kabla hata hujaipaisha. Printa ya 3D ni kitu kizuri, lakini mwezi wa kwanza wote utakuwa fundi wa printa tu, hutengenezi kingine. Raspberry Pi 5 ni kompyuta kamili. Utaichomeka kwenye runinga, utaangalia YouTube, utajiona umefika. Nunua kihisi joto kimoja kinachoitwa DS18B20, kile kilichofungiwa ndani ya kijibomba cha chuma chenye waya wa mita moja, pamoja na bodi ya ESP32, yaani kompyuta ndogo yenye waifai ndani yake, ambayo ndiyo itakayokisoma. Kariakoo vyote vipo, na bei yake haitakugombanisha na mtu nyumbani.

Najua unacheka. Kipimajoto! Lakini ngoja. Ndani ya kile kijibomba kuna chipu ya miguu mitatu ambayo inapima yenyewe, inabadilisha yenyewe kuwa namba, na inapanda kwa ngazi za digrii 0.0625. Kila moja imezaliwa na namba yake ya biti 64 isiyofanana na ya mwenzake, kwa hiyo unaweza kuning'iniza kumi kwenye waya mmoja na kuziita moja moja, zisigombanie kuongea. Inachodai ni rezista moja (kile kipande kidogo kinachopunguza mkondo wa umeme) ya kilo-omu 4.7 kati ya waya wa data na waya wa umeme. Mimi yangu niliipata kwa fundi redio wa Mbuyuni. Aliing'oa kwenye redio iliyokufa huku akiendelea kumhudumia mteja mwingine, na pesa akakataa.

Raha ya hiki kidude ni namna kinavyodanganya. Kikipata umeme upya na ukakisoma kabla hakijamaliza kupima, kinakujibu 85. Namba imenyooka kabisa, wala haina dalili ya kosa. Kupima kwa usahihi wake wote kinahitaji hadi milisekunde 750, na waya wa umeme ukilegea katikati ya hapo, 85 hiyo inarudi. Na waya ukichomoka kabisa, ile maktaba ya Arduino, yaani programu iliyoandikwa tayari ya kukisomea, inakupa -127. Sasa mtu anayechora grafu bila kujua haya ataona maji yake yamechemka ghafla, kisha yakaganda kuliko barafu ya Kibo, kisha yakarudi kawaida, yote ndani ya dakika tano. Mimi programu yangu inazitupa namba hizo mbili kabla hazijafika kwenye grafu, na inaweka alama kwamba hapa palikuwa na tatizo. Ndiyo maana nataka uanze na hiki. Kwenye simu mpya au saa janja namba imeshapakwa poda kabla hujaiona.

Kabla ya kukiamini, kipime. Ponda barafu, ijaze kwenye kikombe, mimina maji kidogo, koroga, zamisha kijibomba. Kinatakiwa kikae karibu na sifuri. Changu kilikaa juu kidogo ya sifuri, nikaandika hiyo tofauti kwa wino kwenye waya wake. Kisha nikachemsha maji jikoni hapa, kikasimama kwenye 97 na kitu. Mwanangu, ambaye ndiyo kwanza wamefundishwa shuleni kwamba maji huchemka kwa digrii 100, akaniambia, "Baba, mbovu hii." Si mbovu. Moshi mjini tuko zaidi ya mita 800 juu ya bahari, hewa inakandamiza kidogo kuliko huko kwenu, na kwa kila mita 300 hivi unazopanda, maji yanachemka kwa karibu digrii moja pungufu. Kwa hiyo 97 ndiyo haki yetu. Dogo hakuridhika, akataka kujua kileleni mwa Kilimanjaro ingekuwaje. Kwa mita 5,895 inakuja kama 80 hivi, maana yake maharage utayakodolea macho mpaka ushuke nayo.

Tahadhari moja. Mtengenezaji anaahidi kosa lisilozidi nusu digrii kati ya -10 na 85. Juu ya hapo ahadi inalegea, kwa hiyo kwenye maji ya moto usibishane na mtu kuhusu desimali.

Sasa nikueleze kilipo leo. Kipo Marangu, ndani ya pipa la mbege, ile pombe ya ndizi na ulezi, la mamkubwa.

Unamjua, hapendi mtu kuingiza kitu kwenye pombe yake. Alikubali baada ya kukiona kile chuma kikichemshwa mbele yake, na baada ya mimi kuapa kwamba waya hautagusa ukingo wa pipa anapochujia. Nilitoboa tundu dogo katikati ya mfuniko wa ubao, nikapitisha waya, kijibomba kikaning'inia mpaka katikati ya pombe. Boksi lenye ESP32 nililifunga kwenye nguzo, mbali na mvuke. Kule hakuna waifai, basi bodi inatengeneza yake: unaunganisha simu, unaandika 192.168.4.1 kwenye kivinjari, grafu inafunguka. Bando halihusiki. Na kwa kuwa bodi haina betri ya kutunza saa, ukurasa unapofunguka simu ndiyo inayoipa saa.

Umeme wake unatoka kwenye pawabenki, na hapo kuna kichekesho. Nilitaka kubana matumizi, nikaiagiza bodi ilale kati ya kipimo na kipimo. Pawabenki ikaona hakuna anayevuta umeme, ikajua simu imejaa, ikajizima. Dawa yake ikawa kinyume cha ubahili: waifai inakesha ikiwaka, pawabenki inabaki macho, na mamkubwa anaibadilisha anaponichajia nyingine kwenye sola.

Lakini ujanja ninaojivunia kuliko wote ni wa saa. Mamkubwa hataki kuona 02:14. Kwake ule ni usiku wa saa nane na dakika kumi na nne, basi. Ningeweza kuandika hesabu ya kutoa sita na kuilinda isishuke chini ya sifuri. Ila fikiria: sisi tuko saa tatu mbele ya UTC, ile saa ya kimataifa. Saa ya Kiswahili iko saa sita nyuma ya saa ya Kizungu. Tatu toa sita ni hasi tatu, na walioko saa tatu nyuma ya UTC mwaka mzima ni Argentina. Kwa hiyo ukikiambia kivinjari kionyeshe saa za Buenos Aires kwa mtindo wa saa 12, unapata saa ya Kiswahili bila hesabu hata moja. Jaribu sasa hivi kwenye simu yako. Na utamu hauishii hapo: AM ya kule inaanza kwetu saa kumi na mbili asubuhi na kuisha saa kumi na mbili jioni, kwa hiyo nikabadilisha AM ikawa "mchana", PM ikawa "usiku". Mstari mmoja tu. Nilicheka peke yangu mpaka shemeji yako akaja kuangalia kama niko sawa.

Grafu yenyewe inapendeza kuitazama. Mso wa ulezi ulipotiwa, mstari ulipanda, maana ule uji ulikuwa bado na uvuguvugu. Kisha usiku ukaingia, Marangu ikapoa kama unavyoijua, lakini pipa halikufuata; hamira zilikuwa kazini na zenyewe zinatoa joto. Mamkubwa alitazama, akasema "ndiyo, imeamka," na akaendelea kuosha vibuyu. Haya anayajua kwa kutega sikio ubavuni mwa pipa, sikumpa habari mpya.

Kilichomsimamisha ni kitu kingine. Katikati ya usiku mstari ulianguka ghafla, kutoka 27 hadi 18, ukakaa huko dakika chache, ukarudi palepale. Pombe ya pipa zima haiwezi kupoa hivyo na kupata moto tena. Nikamweleza: kihisi kinaning'inia kwenye mfuniko, kwa hiyo mfuniko ukiinuliwa kinatoka nacho, kinapigwa na baridi ya nje kikiwa kimelowa. Akauliza saa ngapi. Saa nane na robo usiku, Buenos Aires haidanganyi. Akanyamaza. Asubuhi, mbele ya chai, akamgeukia mjomba mmoja (jina naliacha, unamjua) akamuuliza alikuwa anatafuta nini kwenye pipa saa nane na robo. Mjomba akasema labda panya. "Panya gani anainua mfuniko wenye jiwe juu?" Tangu siku hiyo mamkubwa anakiita kile kidude askari, na ameniagiza viwili zaidi kwa mapipa mengine.

Mengine kwa kifupi. Laptopu ya zamani, ile nzito, Microsoft ilipofunga msaada wa Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025, Windows 11 ikaikataa. Nimeiwekea Debian 13, mfumo wa bure wa kuendeshea kompyuta, na inakimbia kuliko ilivyokuwa mpya. Akili mnemba nimeitumia kuandika sehemu ya ule ukurasa wa grafu, ikanifupishia kazi ya jioni nzima. Ila nilipoiomba mchoro wa nyaya ilisahau rezista, kwa kujiamini kabisa. Kwenye programu naipa kazi. Kwenye umeme nasoma karatasi ya mtengenezaji.

Kwa hiyo ukienda Kariakoo, chukua DS18B20 vitatu, kimoja chako na viwili vya mamkubwa, na rezista kama tano za 4.7k, rangi zake ni manjano, zambarau, nyekundu. Muuzaji atakuapia kwamba ni orijino. Za kuiga ni nyingi sana, kwa hiyo zote zipite kwenye kikombe cha barafu kwanza. Kisha chemsha maji hapo Kigamboni na kimoja wapo, kizamishe bila kugusa sakafu ya sufuria, uandike namba. Ukipanda Pasaka njoo nacho hichohicho, tukichemshe hapa mjini, halafu twende nacho Marangu, ambako natarajia karibu 95. Kwa kuwa ni kihisi kilekile, kosa lake litakuwa karibu sawa kote, na ile tofauti tutaiamini.

Pesa ya vihisi vya mamkubwa nakutumia leo kwa simu.

Wasalimie wote nyumbani.

Wako,
Fundi wa sebuleni