Benchi limesimamishwa, tuambieni nani amelikalia

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi kidogo katika gazeti lako nitoe dukuduku langu. Nimekuwa msomaji wenu tangu gazeti linanunuliwa kwa sarafu, na sijawahi kuwaandikia, hata siku ile mlipoweka picha ya kipa wetu mkaandika chini yake jina la kipa wa timu nyingine. Nilinyamaza. Safari hii nimeshindwa.

Utakumbuka habari yenu ya ukurasa wa nyuma, sasa ni wiki ya tatu, kwamba uongozi umelisimamisha benchi zima la ufundi kupisha uchunguzi. Zima kweli: kocha mkuu, msaidizi wake, kocha wa makipa, kocha wa viungo, mpaka yule kijana wa kuchambua mikanda ya video. Chini kabisa mkaweka sentensi moja ya uongozi kwamba taarifa zaidi itatolewa kwa wakati muafaka. Klabu siitaji hapa, mliitaja wenyewe kwa herufi za ukubwa wa sahani. Ninachouliza ni kwamba huo wakati muafaka unaangukia siku gani ya juma, ili sisi tulio mikoani tujue kama tuongeze salio au tusiongeze.

Kusimamishwa kwenyewe sina ugomvi nako. Makocha wanasimamishwa kila mwaka na mpira unaendelea. Januari 2024 timu yetu ya taifa, Taifa Stars, ilikuwa Ivory Coast kwenye AFCON, yaani Kombe la Mataifa ya Afrika, imeshapigwa 3-0 na Morocco, na CAF, wale wakubwa wa soka la Afrika, wakamfungia kocha wetu Adel Amrouche mechi nane kwa maneno aliyoyasema juu ya Morocco. TFF, shirikisho letu la mpira, ikamsimamisha tarehe 19 ya mwezi huo. Lakini taarifa iliyotwambia Amrouche kasimama ndiyo hiyo hiyo iliyotwambia timu anashika Hemed Suleiman na msaidizi wake ni Juma Mgunda. Kijiweni tukacheka kwamba Morocco kamng'oa kocha na Morocco kachukua timu, maana ndilo jina la utani la Hemed, tukanywa kahawa tukaenda kulala. Siku mbili baadaye tulipotoka 1-1 na Zambia, hakuna aliyekuwa mbele ya televisheni akauliza yule anayepiga kelele kwenye mstari ni nani. Na Simba nao, Novemba 2023, baada ya kufungwa zile tano na Yanga, waliachana na kocha wao Robertinho pamoja na kocha wa viungo, na katika karatasi ile ile wakawataja Daniel Cadena na Selemani Matola kuwa ndio wanaoshika timu kwa muda. Siwasifii, wanaonijua wanajua siwezi kuwasifia. Nasema tu karatasi moja ilitosha.

Sisi wiki ya tatu hii hatujui.

Jumamosi iliyopita nikasema basi, niende nikaone kwa macho yangu. Nikamchukua mjukuu wangu, yuko kidato cha pili, tukapanda SGR, ile treni ya umeme, kutoka Morogoro hadi Dar es Salaam. Daraja la kawaida ni 13,000, kwa watu wawili kwenda na kurudi ni 52,000, bado kiingilio, bado maji ambayo ukishavuka geti la uwanja yanapanda bei kama dhahabu. Tumekaa mzunguko, kule kwenye viti vya bei ya chini, juani. Mtangazaji akasoma majina ya wachezaji kumi na mmoja, akasoma na wa akiba, akafika kwenye kocha. Akasema "na benchi lao la ufundi linaongozwa na..." halafu akaweka muziki. Mhariri, naapa, aliweka muziki. Uwanja mzima ukaguna. Timu ikatoka, na katika eneo la ufundi akasimama bwana mmoja mnene, fulana nyeusi, kofia ameivuta hadi kwenye nyusi, filimbi shingoni kama ya mwalimu wa zamu. Kulia kwangu mzee mwenzangu akasema huyo ni daktari wa timu. Kushoto wakasema ni mtunza vifaa, wamewahi kumwona akibeba mipira. Mjukuu wangu akapekua simu hadi chaji ikaisha, hakuna kitu. Muuza karanga, ambaye hata tiketi sidhani kama alikuwa nayo, akatuambia kwa uhakika wa mtu aliyekula naye chakula kwamba yule ni dereva wa basi. Tukamcheka. Dakika ya sabini mshambuliaji wetu akashika paja akaomba kutoka. Yule bwana akageuka nyuma kutazama benchi, na benchi wakasimama watu watatu kwa pamoja, kila mmoja anamwita mchezaji wake. Mwamuzi wa akiba kasubiri na kibao chake mkononi, mwisho akapandisha namba ya kiungo ambaye hakuwa anachechemea wala hakuomba chochote. Kijana wa watu kasogea mpaka kwenye mstari, akafungua mikono, na kutoka pale juani nilimsoma midomo: "Nani kasema nitoke?" Hakujibiwa. Tulifungwa dakika nane baadaye, lakini wallahi goli lile halikuniuma kama swali la yule kijana, kwa sababu ndilo swali langu.

Mechi ilipokwisha nikamuuliza mmoja wa wale vijana wenye vizibao vya njano getini. Akanijibu kwa heshima zote, "Shikamoo mzee, hata sisi tunasubiri taarifa." Tukachukua bodaboda mpaka ofisi za klabu. Geti la mbele limefungwa. Mlinzi akasema taarifa zote ziko mtandaoni. Tukaomba umeme kwa fundi viatu jirani, simu ikawaka, tukaingia huko mtandaoni, na kilichokuwepo ni tangazo la jezi ya tatu ya msimu. Wakati basi la timu linarudi tulikuwa bado pale kwa fundi viatu. Nilitazama dirisha la dereva. Sitasema nilichokiona, muuza karanga asije akavimba kichwa.

Na kwa kuwa nimegusa simu, acha niseme na hili. Mwaka fulani nilijiunga na huduma ya kupokea habari za klabu kwa ujumbe mfupi, kila siku wanakata salio. Katika wiki hizi tatu za benchi kusimamishwa nimepokea heri ya kuzaliwa ya beki wetu wa kushoto (mara mbili, sijui kazaliwa mara mbili), ofa ya jezi, swali la chemsha bongo nitaje kinyago kilichoko kwenye nembo, na mialiko kumi na tatu ya kuweka mkeka, yaani kubeti. Kumi na tatu! Mimi ni mzee wa kanisa. Nikatuma neno ONDOA kama walivyoelekeza. Nikajibiwa hongera, umejiunga na kifurushi cha wiki. Mjukuu anasema nilikosea nafasi kati ya herufi. Basi mtu aliyeweza kuandika mtego kama huo anashindwaje kuandika jina la kocha wa muda?

Nyie nanyi, Mhariri, msijifiche nyuma yangu. Tangu habari ile ya kwanza mmeshatuletea makocha watatu kutoka kwa chanzo chenu cha kuaminika ndani ya klabu. Jumatatu alikuwa Mserbia, muda wowote kutua. Ijumaa Mreno, naye muda wowote kutua. Wiki iliyofuata mzawa, ambaye huyu nadhani kwa kuwa yupo nchini hakuwa na pa kutua, mkaandika yuko mbioni. Hakuna hata mmoja aliyetua wala kumaliza mbio, na hamkurudi kutuambia waliishia wapi. Mngemuuliza hicho chanzo jambo moja dogo tu: uchunguzi unachunguza nini?

Mimi nimefanya kazi reli miaka 31, kusimamishwa nakujua. Kanuni za utendaji bora kazini za mwaka 2007 zinamruhusu mwajiri kumsimamisha mtu kupisha uchunguzi, lakini analipwa mshahara wake kamili. Kwa hiyo kocha mkuu yuko nyumbani analipwa, msaidizi yuko nyumbani analipwa, wa makipa na wa viungo wako nyumbani wanalipwa, kijana wa video analipwa, na yule bwana wa kofia, awe daktari, mtunza vifaa au yule wa usukani, naye analipwa, labda na posho juu. Anayetoa hela bila kuambiwa lolote ni mimi niliyekaa mzunguko. Halafu kwenye mkutano mkuu mtu anashika kipaza sauti anatukumbusha kwamba wanachama ndio wenye asilimia 51 ya klabu, hiyo ni kanuni ya serikali, mwekezaji hazidi 49. Vizuri sana. Naomba sehemu yangu ya hiyo 51 nipewe kwa njia ya jina la mtu mmoja, hata la ukoo tu.

Wasije wakasema mzee analalamika bila kutoa njia. Njia ninayo. Nikiwa stesheni ya Morogoro, kazi yangu mojawapo ilikuwa ubao. Treni ya bara ikichelewa Dar es Salaam, nachukua chaki naandika: treni ya Kigoma imechelewa, sasa iko Ngerengere. Basi. Abiria wakishasoma Ngerengere wanatua mizigo, wanakwenda kunywa chai, mama anamnyonyesha mtoto, hakuna matusi. Kuna siku chaki iliniishia na nikaona uvivu kwenda kuomba nyingine kwa stesheni masta. Treni ilichelewa saa mbili tu. Walivunja kioo cha dirisha langu.

Kwa hiyo klabu itafute ubao, futi nne kwa sita, wapake rangi nyeusi ile isiyong'aa, waupigilie nje ya geti upande unaotazama barabara. Kila siku saa kumi jioni, Jumapili ikiwemo, atoke mtu mwenye mwandiko unaosomeka aandike mistari mitatu: uchunguzi umefika wapi, mechi ijayo anakaa nani kwenye benchi, na lini tutaambiwa lingine. Kama hakuna jipya, aandike hakuna jipya, aweke saa, katibu mkuu asaini kwa mkono wake. Tutapiga picha wenyewe, tutasambaziana wenyewe, haitawagharimu hata senti ya huduma ya ujumbe. Msemaji wa klabu tu asikaribishwe kwenye chaki, ataandika bei ya jezi.

Chaki nimeshanunua, boksi zima, nyeupe, liko hapa mezani ninapoandika. Mechi ya Jumatano nakuja nalo. Waniambie tu nilipitishe mlango gani, maana geti la mbele mlinzi kasema halifunguliwi.

Ni mimi,
Mzee wa Stesheni,
Morogoro.