Mabula, pikipiki iache kwanza

Mwangaluka kaka,

Za Kahama, Mama Kulwa huko kwao hajambo, mapacha wazima? Huku Mwanza tupo, sato wamepanda bei mpaka basi, hayo tutaongea siku nyingine. Nimekaa kukuandikia kwa sababu jana simu ilikatika ukiwa katikati ya kusema kesho Jumatatu unarudi barabarani, nikapiga tena hupatikani, na usiku kucha nimewaza hilo hilo.

Kwanza hongera, tena ya dhati. Mtu mzima, baba wa watoto, kwenda mwenyewe kupanda kile kitanda cha tohara, na sisi kwetu Usukumani hatuna jando, wazee wetu wamezeeka hivyo hivyo, sio jambo dogo. Nimefurahi sana.

Sasa kesho. Umetahiriwa Jumanne bana! Wiki haijaisha unataka ukae juu ya bodaboda kutwa nzima, barabara za huko tunazijua, abiria mshikaki, jasho, vumbi, halafu kile kiti kinasugua pale pale. Nyuzi zikiachia damu itakutoka hapo kijiweni mbele ya watu. Najua bosi anataka hesabu yake. Mpe Shija apige deiwaka, hesabu ailete yeye na kinachobaki mgawane, nimeshaongea naye jana hiyo hiyo na amekubali, anasubiri simu yako tu. Jumanne ukirudi kliniki kwa ile siku ya saba muulize nesi mwenyewe lini unaweza kupanda pikipiki, akishakuona ndio atakwambia.

Alafu hilo la usaha. Ulivyonieleza, kautando ka njano njano kamekaa juu ya mshono, hakanuki, huna homa, hiyo mi niliiona pia nikadhani naoza, nesi akaangalia akaniambia hivyo ndivyo kidonda kinavyojifunika kikianza kupona, usikakwangue. Uvimbe kidogo na weusi weusi kama umeumia nao unakuja unapungua siku kwa siku. Ila ukiona unazidi badala ya kupungua, au damu haikomi hata ukigandamiza na kitambaa safi, au usaha mzito unaonuka, homa, mkojo unagoma kutoka, hapo usinipigie mimi, nenda kliniki hata kama ni usiku, ile namba waliyokuandikia kwenye kadi kazi yake ndio hiyo.

Na ule unga wa magome aliokupa yule mzee wa stendi, Mabula nakuomba kwa jina la marehemu mama, usiuguse. Sio huo, sio majivu, sio poda ya mtoto. Pepopunda inaingilia kwenye kidonda kwa vitu vya namna hiyo, na pepopunda inaua. Bandeji si walishakutoa Alhamisi? Basi ni maji safi na sabuni ya kawaida, taratibu, unakausha kwa kugusa gusa na kitambaa safi sio kusugua, imeisha. Zile ncha za nyuzi zinazochomoza kama miba ya furu usizivute, zinayeyuka na kudondoka zenyewe. Vaa chupi ya kubana, mashine iwe imeelekea juu kitovuni, uvimbe unapungua na haigongani na nguo ukitembea. Ndani ya nyumba funga kikoi.

Usiku ndio shughuli, najua. Inasimama yenyewe usingizini na nyuzi zinavuta mpaka unaamka unauma meno. Kojoa kabla ya kulala, usinywe maji mengi saa za mwisho, na ikikuamsha shuka kitandani ukanyage sakafu ya baridi, zunguka chumba kidogo, inatulia. Lala ubavu umekunja magoti. Kadiri siku zinavyokwenda maumivu yanapungua.

Lakini kinachonitisha kuliko hata pikipiki ni zile wiki sita za kutolala na mwanamke. Ulicheka uliposema shemeji anarudi kutoka kwao mwisho wa mwezi. Kaka, wiki sita ni wiki sita. Ikifika ya tatu ya nne utajiangalia uone pamefunga vizuri, hapaumi, useme tayari, na hapo ndipo wengi wanapoharibu, maana juu pamefunga ila ngozi yenyewe bado changa, inachanika kirahisi, na kidonda kibichi ni mlango wa virusi vya UKIMWI, kwako na kwa mwenzako. Ile kinga ya asilimia 60 uliyonitajia ni kweli, walifanya utafiti Kisumu, Rakai kule Uganda na Orange Farm Afrika Kusini, ndio maana mwaka 2007 Shirika la Afya Duniani likaipendekeza tohara. Ila ni kupunguza hatari ya mwanaume kuambukizwa na mwanamke, sio kuimaliza, na kidonda kikiwa hakijapona hakuna kinga hapo. Baada ya hizo wiki kondomu bado ina kazi yake. Majibu ya kipimo ulichopima pale ni yako, sikuulizi, ila wiki sita zinawahusu wote, wenye virusi na wasio navyo.

Na shemeji aambiwe, tena na wewe. Mwanamke akikuona unageukia ukutani wiki baada ya wiki bila maelezo atafikiri mengine, na Mama Doto hapo jirani hakosi la kumjazia. Ikiwezekana Jumanne mpigie akiwa hewani nesi amweleze mwenyewe.

Nimekutumia elfu hamsini kwenye simu, ya wiki hii, usinirudishie maneno.

Sasa nijibu: Shija umempigia? Pikipiki iko wapi sasa hivi, kwako au kwa bosi? Uvimbe leo uko vipi ukilinganisha na jana, na mkojo unatoka bila shida? Dawa za maumivu walizokupa zimebaki? Huo unga umeutupa au umeuficha juu ya kabati? Shemeji anarudi tarehe ngapi hasa, na umeshamwambia au unangoja afike? Simu nitaiacha wazi usiku kucha.

Ndugu yako,
Masanja