Dawa ya mshtuko wa sumu imepatikana kwa nani?

Ndugu Mhariri,

Nalisoma gazeti lenu miaka mingi na sijawahi kuwaandikia. Taarifa ya Jumamosi kuhusu peptidi (vipande vidogo vya protini) zinazotibu mshtuko wa sumu ya bakteria kwa mifugo imenishinda kunyamazia. Mmeandika dawa imepatikana. Lakini magainini, peptidi aliyoipata mtafiti Michael Zasloff kwenye ngozi ya chura wa Afrika mwaka 1987 hadi leo mfugaji hauziwi. Na panya wa maabara mara nyingi hupewa dawa karibu na saa ileile anapodungwa sumu.

Ng'ombe wangu alikuwa amezaa juzi yake. Alfajiri nikamkuta amelala, masikio ya baridi, robo moja ya kiwele imevimba. Nikakamua, yakatoka maji ya manjano yenye chembechembe. Daktari wa mifugo hapokei simu, basi akaja muuza dawa, akamchoma antibayotiki, akachukua pesa yake akaondoka. Joto hakumpima. Dripu hakuwa nayo, wala dawa ya kutuliza uvimbe. Wala hakuniambia kwamba sumu yenyewe imo kwenye ukuta wa bakteria aitwaye E. koli, na kwamba bakteria wakipasuka ndipo inamwagika zaidi kwenye damu, kwa hiyo kuwaua tu hakutoshi. Jioni akafa, ndama bado ananyonya. Ninyi mmepata nafasi ya picha kubwa ya chura, lakini mstari mmoja kuhusu dripu hamkuupata!

Halafu kuna kolistini, antibayotiki. Hiyo nayo ni peptidi, na ndugu yake, polimiksini B, madaktari wa farasi huitumia kunasa sumu hiyohiyo. China walipotangaza mwaka 2015 kwamba wamekuta mcr-1, jeni inayowafanya bakteria wasisikie kolistini, hadi kwa nguruwe, haikufika 2018 wakawa wameizuia dawa hiyo kwenye chakula cha kukuzia mifugo. India wakaipiga marufuku kwa mifugo 2019. Dukani ninakonunua pumba, kolistini ya unga ya kuku inauzwa bila cheti cha daktari, na mayai yanakwenda sokoni siku hiyohiyo.

Naomba mambo mawili. Kichwa cha habari kikitaja dawa, kitaje na mnyama aliyejaribiwa, kwa herufi zilezile kubwa. Na kila Jumatano, ukurasa wa kilimo uchapishe simu za madaktari wa mifugo wa kila wilaya wenye dripu na wanaopokea simu saa kumi alfajiri.

Mfugaji wa ng'ombe wa maziwa,
Tukuyu