Kwa wanangu mnaosema "ah, mzee kashazeeka tu huyo"

Marahaba nyote, najua hamjanisalimia lakini nimeshapokea. Naandika kwa nyie mlioko mjini mna baba au mama kijijini, mnapiga simu mnaambiwa siku hizi anasahausahau, mnacheka kidogo mnasema uzee huo, mnatuma hela maisha yanaendelea. Mi nina miaka 74 na nimesemwa hivyohivyo huku nasikia, kumbe yangu ilikuwa sonona, ule ugonjwa wa huzuni nzito.

Mke wangu alifariki, arobaini ikapita, watu wakarudi kwao nikabaki na nyumba. Sikulia sana, ndo maana hakuna aliyeshtuka. Nikawa naamka saa tisa usiku nakaa tu kitandani mpaka kunakucha, chakula hakina ladha, halafu kichwa nacho kikaanza, mboga naitia chumvi mara mbili, naenda dukani nikifika nasimama, muuzaji ananiuliza mzee nikupe nini, sijui. Ila kilichoniuma ni bao. Nimecheza tangu kijana, kete 64 zote naziona kichwani kabla sijanyoosha mkono, sasa nikawa natakata, yaani nazungusha kete bila kula, wakati pa kula papo wazi kabisa, na vijana pale barazani wanatazamana tu hawasemi kitu, wananiheshimu. Nikaacha kwenda.

Zahanati walinipima presha wakasema babu ni umri huo. Ndugu mmoja akasema nimerogwa. Binti yangu ndo alikataa yote mawili akanipeleka kwa daktari wa akili, nikamkasirikia njia nzima, yaani mi kichaa? Daktari anauliza leo tarehe ngapi, sijui. Akanitajia maneno matatu niyashike, nikasema sijui kabla hata sijajaribu. Akamwambia binti yangu angalia hapo, mwenye dimenshia, ule ugonjwa wa ubongo unaokula kumbukumbu, mara nyingi atakubabaishia jibu na atakwambia yuko sawa, wanaolalamika ni watoto, ila mwenye sonona analalamika mwenyewe kwamba kichwa kimekufa na hata kujaribu hataki. Sio kipimo cha uhakika hicho, ndo maana walichukua na damu, wakaangalia tezi ya shingo na vitamini B12, maana vikiwa chini navyo vinampoteza mtu hivyohivyo.

Nilivyoelewa mi ni kwamba mambo mengi nilikuwa sijayasahau, hayakuingia tangu mwanzo. Usingizi hakuna, mawazo yote kwa marehemu, utashika nini? Nikapewa vidonge na mtu wa kuongea naye kila wiki. Mwezi wa kwanza sikuona kitu nikataka kuvitupa, wiki ya tano ndo nikamaliza sahani.

Sasa msije mkasema mzee katwambia ni huzuni tu itapita. Sonona na dimenshia yanashikana. Uingereza waliwafuatilia watumishi wa serikali wa London zaidi ya 10,000 kuanzia 1985, wakakuta walioishia kupata dimenshia huzuni ilishaanza kupanda miaka kama kumi kabla. Kwa hiyo kwa mwingine sonona ya uzeeni ni ugonjwa wenyewe unabisha hodi, na ndo sababu mimi bado naitwa kliniki. Lakini pia wataalamu wa jarida la udaktari la Lancet mwaka 2024 waliiweka sonona kwenye orodha ya vitu 14, pamoja na upweke, presha, sukari, masikio kutosikia, wakasema vikishughulikiwa vyote karibu 45% ya dimenshia ingezuilika au ingechelewa. Masikio jamani! Mnamfokea mama hasikii, kumbe anajitenga kwa sababu hiyo.

Na dawa za usingizi za kuazimana na jirani acheni, amitriptyline watu wanapeana kama pipi, kwa mzee inaweza kumchanganya kichwa kuliko alivyokuwa. Akisema bora nife, msimkemee anakufuru, mpelekeni siku hiyohiyo.

Simu pia mnapiga vibaya. "Mzee mzima?" "Mzima." Imekatwa. Hata mi nilikuwa najibu mzima. Ulizeni jana ulikula nini, uliamka saa ngapi, na kama alikuwa mtu wa kwaya au kahawa au bao, ulizeni mara ya mwisho kwenda ni lini. Mi hilo la bao wangeniuliza mwezi wa kwanza tu wangejua.