Uliniuliza habari za sindano

Makorora, Tanga
Jumapili, baada ya alasiri

Swahiba Baba Nasra,

Assalaam alaykum. Ujumbe wako wa sauti nimeusikiliza mara mbili, mara ya pili kwa ajili ya kicheko chako tu. Kumbe na wewe umepasua pipa la kuchomea nyama kwa moshi! Lita 200, mlango wa kuni chini, wavu juu, na themometa ya sindano, ya kuchomeka kwenye nyama kupima joto lake, umeagiza kabisa. Kuandika kwenye simu vidole vinaniuma, kwa hiyo nimechukua kalamu.

Kwanza, hiyo 46 uliyoisoma nyama ikiwa imetoka kwenye friji sasa hivi si muujiza. Ni Farenhaiti. Geuza mashine ya themometa nyuma, kuna kitufe kidogo, bonyeza mpaka uone C. Utakuta nyuzi 8 hivi, ingawa nyama ya friji inatakiwa iwe 5 au chini ya hapo. Hata mimi kilinichezea.

Sasa nikupe yaliyonikuta Idd pili, maana hukuyasikia yote. Wakwe zangu walikuja kutoka Pangani. Nikaweka kidari cha ng'ombe cha kilo 4 saa kumi na mbili asubuhi, sindano nimeichomeka katikati ya mnofu, moto umetulia. Saa tano inasoma 68. Nikajisifu moyoni. Saa sita, 68. Saa saba, 69, ikarudi 68! Mama Zuhura anachungulia kila baada ya dakika tano, haulizi kitu, na hiyo ndiyo mbaya zaidi. Saa nane uzalendo ukanishinda, nikasukuma kuni. Pipa likapaa mpaka 170. Nje nyama ikawa mkaa, ndani ngumu, na baba mkwe akatafuna kipande kimoja kwa muda ambao mtu angemaliza sahani ya pilau. Akasema, "Moshi wake mzuri." Basi.

Kosa halikuwa la moto wala la sindano. Nyama ilikuwa inatoka jasho. Unaukumbuka mtungi wa bibi pale ukumbini? Maji yanapenya kwenye udongo, yanakauka nje, na ule ukaukaji ndio unaoyapoza maji ya ndani. Nyama nayo ikifika nyuzi 65 mpaka 70 inafanya vilevile: maji yanatoka, yanakauka juu yake, yanaondoka na joto lote unalolipa kwa kuni. Inaweza kusimama hapo saa mbili, tatu, au zaidi. Ukimya ule si ugonjwa. Ama usubiri, ama uizibie jasho: rangi ikishakukolea, ifunge kwenye jani la mgomba ulilolibabua kidogo, juu yake foili, urudishe. Siku hizi nafanya hivyo, na namba inaanza kupanda bila mimi kugusa kuni.

Ndiyo maana nakwambia usitumie sindano moja. Mashine yako ina matundu mawili, yatumie yote. Ya pili si ya nyama, ni ya pipa. Ibane kwenye wavu, mbali na nyama kama upana wa viganja viwili, ncha ielee hewani isiguse chuma. Ukiisogeza karibu na nyama baridi itakudanganya kwamba pipa limepoa. Na kile kipimajoto cha duara kama saa fundi alichokuwekea kwenye mfuniko, kiache kiwe pambo. Kwangu mfuniko unasema 140 wakati kwenye wavu ni 115, na nyama haipikwi kwenye mfuniko. Ninaloshikilia ni 110 mpaka 120 pale wavuni. Likizidi, punguza tundu la hewa, usimwage maji kama ulivyofanya, utapata majivu kwenye kitoweo.

Kabla ya yote ipime sindano yenyewe. Glasi ijae barafu ya kupondwa, maji kidogo, koroga, chomeka: isome 0. Kisha maji yanayochemka: 100. Hapa pwani ndiyo hivyo. Ukiipeleka Lushoto kule juu utaona kama 95, na haijakosea, ni mlima.

Kwa bega la mbuzi la akika, tafuta mnofu mnene kabisa na ncha isiguse mfupa wala tonge la mafuta. Ukigonga mfupa, rudisha nyuma kidogo. Kuku nawe umemtaja: huyo usimtoe chini ya 74, paja na kidari vyote. Bega na kidari cha ng'ombe ni hadithi nyingine. Vikifika 74 vimeshaiva lakini vinakataa meno, kwa sababu mishipa ile migumu inahitaji muda mrefu kwenye joto ndipo igeuke ute. Mimi nafika 93 mpaka 96. Hata hapo siiamini namba peke yake: nachomoa sindano na kuichomeka sehemu nyingine, ikiingia kama kwenye boga lililoiva, natoa. Ikikwama, narudisha. Kisha inapumzika imefungwa, nusu saa au zaidi, watoto wapige kelele watakavyo.

Waya wa sindano ndio unaokufa. Wa kwanza niliubana na mfuniko, wa pili niliuosha kwenye beseni, maji yakaingia pale unapoungana na chuma, ukaanza kusoma joto la Jehanamu. Toboa tundu pembeni ya pipa uupitishe hapo, na chuma ukipanguse kwa kitambaa chenye maji ya moto na sabuni.

Kuni tumia mchungwa mkavu. Huku tunapata ya Muheza, miti iliyozeeka shambani. Moshi ukiwa mwembamba, unakaribia ubuluu, uko sawa. Ukitoka mweupe mzito kama wa kufukuzia mbu, kuni mbichi au hewa haitoshi, na nyama itakuwa chungu. Mikoko usiiguse, hata jirani akikuletea mzigo wa bure usiku.

Nina sindano moja ya ziada, nimeifunga kwenye kopo la maziwa. Kesho nampa dereva wa basi la Dar, ataiacha Msata kwa yule kijana wa chipsi. Mtume bodaboda mapema, na kwenye bega nibakizie kile kipande cha pembeni kilichoungua kidogo.

Wako,
Baba Zuhura